Fremu Arobaini

4 Februari

Mpendwa dada yangu mdogo Msumari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini fimbo ameikataa kabisa. Anasema fimbo ni ya wazee, na yeye ni mdogo kwangu kwa miaka minne, jambo ambalo hachoki kunikumbusha mbele ya wageni. Mimi nazeeka kwa utaratibu. Desemba nastaafu, na ofisi yangu ya chuoni imeshapata mtu anayepita mlangoni kila siku akiipima kwa macho.

Baba hajambo? Bado anakunywa chai yake akiwa amesimama?

Sasa nieleze kilichonifanya nikae kuandika. Unaukumbuka ule ujia wa mbao mliouunda karakana ya nyumbani miaka sita iliyopita. Umeusikia ukitajwa lakini hukuwahi kuuona ukiwa umesimama, kwa hiyo niruhusu nikueleze ulivyokuwa. Ni fremu arobaini za mlango, bila milango, zimepangwa nusu hatua kwa nusu hatua. Mtu anaingia upande huu, anatokea upande ule. Hakuna picha wala rangi. Mbao na hewa tu. Lakini mtu akifika katikati anaanza kuongea kwa sauti ya chini. Akikaribia mwisho anabana viwiko, na akitoka anageuka kutazama alikopita. Ukimuuliza kwa nini, hajui. Katika maisha yangu nimechonga mawe, nimefua shaba, nimefundisha vijana namna jicho linavyodanganywa na mwanga. Hakuna kazi yangu nyingine iliyowahi kuwanyamazisha watu hivyo.

Ujia ule haupo tena. Ghala la chuo lilivuja mvua mbili mfululizo, mchwa wakaja kumalizia, na nilipotoka likizo nikaambiwa mabaki yameshapelekwa jalalani. Sasa chuo kimenipa ukumbi wa chini ili niujenge upya, ubaki hapo moja kwa moja hata nikishaondoka. Uzinduzi ni tarehe sita Septemba.

Nilikuwa na vipimo viwili tu, vya fremu ya kwanza na ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza kwa upana wa kiganja. Nikaigawanya tofauti hiyo sawasawa kwa fremu zote, nikawapa mafundi wa hapa, wakakata kwa mashine, kazi safi kabisa. Tumesimamisha. Watu wanapita humo kama wanaokwenda kulipia umeme.

Kwa hiyo naomba unitumie kipande mama cha kazi ile. Baba alitufundisha wote wawili: kazi ikiwa na vipande vingi vinavyofanana, unakata kimoja, unakihakiki, unakitoboa tundu na kukitundika ukutani, na vingine vyote unavipima kwa hicho. Hupimi nakala kwa nakala, maana kila nakala ina kosa lake dogo, na makosa huzaana. Kama mlitumia vipande mama zaidi ya kimoja, nitumie vyote.

Nisalimie Baba.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Salamu zako zimefika. Pole kwa wifi. Mwambie akiikubali fimbo nitamchongea mwenyewe, nyepesi, ya kumchapia mume.

Mimi mzima. Karakana inakwenda. Tuna oda ya madawati ya shule na vitanda viwili vya maharusi, ambao bado hawajakubaliana nani alale upande wa ukuta. Fundi cherehani wa jirani amevunja ukuta wa mbele ili apate dirisha la kuwatazama wapita njia, na sasa anashona mikono ya mashati kinyume.

Baba anakunywa chai akiwa amekaa. Kusimama aliacha mwaka juzi.

Kipande mama kipo, kinaning'inia pale pale kwenye msumari wake. Hakitakusaidia. Na mchoro wako pia ninao. Unaonyesha fremu arobaini, zote kipimo kimoja, na chini yake umeandika kwa wino mwekundu: "ziwe sawasawa", ukapiga mstari mara mbili, usije ukadhani hatujui kusoma. Sasa unaniuliza mimi kwa nini hazikuwa sawasawa. Aliyeandika kitabu juu yake ni nani?

Njoo. Basi ni siku mbili tu. Baba anakaa barazani asubuhi na anapenda kutazama barabara.

Msumari


15 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata mwandiko wako, hata kama umechongoka. Wifi yako amecheka habari ya fimbo mpaka goti likamuuma zaidi. Mwanangu mkubwa amepata kazi ya kuchora ramani. Anasema ameajiriwa kukaa kitini na kuambiwa barabara zimehamia wapi.

Kuja siwezi sasa. Usinielewe vibaya. Nina wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho, nina ukumbi ulio nusu, na wifi yako ndiyo hiyo hali. Nikishamaliza uzinduzi nitakuja na kukaa wiki nzima, tena nitalala kitanda kile kile kinacholia.

Umeniuliza kuhusu kitabu, na ni haki yako. Nitakueleza bila kujitetea. Fremu zilipofika hapa miaka ile, nilizisimamisha nikitegemea ujia wa kawaida. Nilikuwa nimepanga kuzungumzia marudio, jinsi kitu kimoja kikirudiwa mara arobaini kinavyomchosha mtu hadi aache kukiona. Nikapita ndani yake mwenyewe, na nilipofika mwisho nikawa nimeshika kifua. Nikachukua futi ya kupimia, nikaona tofauti kati ya mwanzo na mwisho. Nikajiambia, Msumari ameielewa nia yangu kuliko nilivyoichora. Nilikusudia kukuandikia siku hiyo hiyo. Kisha wakaja waandishi. Wa kwanza nilimwambia "tulizipunguza kidogo kidogo". Katika kitabu ikawa "nilizipunguza". Mambo haya hayatokei kwa siku moja.

Sasa nakuomba kama fundi kwa fundi. Mlifanyaje? Kuna kitu katika upungufu ule ambacho hesabu yangu haikioni. Katikati ya ujia, karibu na fremu ya ishirini na tatu, watu wote walikuwa wakishusha pumzi. Nimeandika sura nzima juu ya pumzi hiyo, na leo siwezi kuitengeneza.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Sisi wazima, kwa kiasi. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa naamua.

Baba alikusalimu Jumapili. Jumatatu akaniuliza wewe ni nani. Nikamwambia ni mwanawe, profesa. Akasema, "Aa, yule mrefu," akaridhika. Wewe si mrefu, lakini sikutaka kumharibia.

Zile fremu zako alizikata Baba. Mimi nilikuwa na kazi ya kanisa mtaa wa pili, mabenchi sitini, na yeye alipoona mchoro wako umefika akasema, "Hii ni kazi ya mwanangu, usiiguse." Akafunga mlango wa karakana. Wiki ya sita nikaingia asubuhi kumpelekea chai. Nikamkuta amelaza kizingiti cha juu alichotoka kukikata juu ya mbao mpya, anapiga penseli pembeni yake. Kipande mama kiko ukutani, kina vumbi.

Nikamwambia, "Baba, mbona unapimia hicho? Mama yake yuko ukutani."

Akasema, "Mama wa nani?"

Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekosa ngazi gizani akadaka ukuta. Nikajua. Yule yule aliyenichapa rula mkononi nilipokuwa na miaka tisa kwa kosa hilo hilo. Alikuwa anakata ndani ya mstari, kama alivyotufundisha, na kila fremu ikawa inapungua unene wa meno ya msumeno kutoka kwa iliyotangulia. Siku nyingine mara mbili.

Ningemwambia akate upya? Ungemwambia wewe? Nilimaliza chai iliyobaki kwenye kikombe chake, nikatoka.

Siku ya kufunga mzigo nilizipima zote na kuziandika daftarini, kama tunavyofanya kwa kila kazi inayotoka. Orodha nimekunakilia nyuma ya karatasi hii. Utaona kutoka ya kumi na nane mpaka ya ishirini na mbili hazipishani hata kidogo. Hiyo ni wiki binti yangu alipokuwa likizo, alikuwa anakaa naye mle ndani wakitaniana, na akili yake ilitulia. Ya ishirini na tatu ni pana kama ya kwanza. Siku hiyo alikumbuka. Alikitoa kipande mama ukutani, akakata fremu moja, sahihi kabisa, akanionyesha. Kesho yake akarudi kwa ile ya ishirini na mbili akaendelea kushuka. Hiyo ndiyo pumzi uliyoiandikia sura nzima.

Mwaka ule nilikuandikia kwamba Baba haoni vizuri. Sikuweza kuandika neno lenyewe. Ulinijibu kwa kurasa sita juu ya jicho la binadamu.

Orodha nimekupa. Nina masharti mawili. La kwanza, usiandike popote kwamba alikuwa anasahau. Mtaa huu wote umepita kwenye milango yake miaka hamsini, na hakuna mlango wake hata mmoja unaosugua sakafu. Andika "fremu zimetengenezwa na fundi seremala", basi, inatosha. La pili, njoo kabla ya uzinduzi, si baada. Huyu Baba wa leo hatutakuwa naye Septemba.

Msumari


9 Julai

Mpendwa Msumari,

Salamu nyingi. Wifi yako ameikubali fimbo, lakini anaiita mwavuli. Nimechelewa kujibu, nawe utajua kwa nini.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ukumbi, halafu nikakaa sakafuni. Mafundi walidhani nimeanguka. Kisha nikawaambia wabomoe kila kitu, nikawapa orodha yako, nikawakataza kusawazisha chochote. Zimesimama tangu wiki iliyopita. Mlinzi wa ukumbi ni mtu mnene anayeimba kutoka asubuhi mpaka jioni. Alipita ndani yake akiimba. Fremu ya kumi na tano akapunguza sauti. Fremu ya thelathini alikuwa kimya. Alipotoka akaniuliza, "Mzee, humu amefia nani?"

Nilimwambia hajafa mtu.

Sasa nisikilize kwa utulivu, kwa sababu nimelifikiria hili kwa wiki nyingi. Kwa miaka sita nimekula jasho la Baba kwa jina langu. Nikiandika "fundi seremala" tu, nitakuwa nimeufunika uongo wa kwanza kwa wa pili. Watu watadhani nilimwelekeza fundi akapunguza kwa amri yangu. Kila ninachowafundisha wanafunzi kinaanzia hapa: nyenzo isifichwe. Jiwe lionekane jiwe. Na nyenzo ya kazi ile haikuwa mbao.

Kibao cha ukutani nimekiandika hivi: "Fremu hizi zilikatwa na seremala mzee, baba yake msanii, katika miezi ambayo akili ilianza kumtoka. Kila moja ilinakiliwa kutoka kwa iliyoitangulia. Unapita ndani ya kusahau kwake."

Naamini ukikisoma mara ya pili utaona ni heshima. Ni mara ya kwanza Baba atatajwa katika kazi zangu. Watu wa gazeti walikuja juzi, nao wamekinakili.

Kuhusu safari, daktari wa wifi yako amepanga kumwona tarehe ishirini. Nitajitahidi.

Kaka yako


25 Julai

Kaka,

Hatujambo. Wewe ulishajitahidi sana.

Gazeti lilifika kabla ya barua yako. Alilileta fundi cherehani. Alivuka barabara mbio na sindano bado mdomoni, anapiga kelele, "Mzee yumo gazetini! Mzee wetu yumo!" Mimi nilikuwa nyuma napiga randa, sikumwahi. Alikaa barazani karibu na Baba akamsomea yote, kwa sauti, mpaka mwisho, kwa furaha. Alipofika kwenye kibao chako akaanza kupunguza sauti, lakini alishachelewa.

Na siku hiyo, katika siku zote za Mungu, Baba alikuwa mzima. Sijui kama unaelewa. Kuna siku hajui shati linavaliwa upande gani. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe.

Akaniita. "Kazi imetoka kwangu ina makosa?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Kati ya?"

"Arobaini."

Fundi cherehani akasema ngoja nikaangalie pasi yangu, akaondoka.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na mteja alipokea?"

"Alipokea."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Ni nani huyo asiyejua fremu?"

Nikamwambia ni mwanawe. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema, "Hapana. Huyo angejua. Nilimfundisha kupima mwenyewe."

Kisha akasimama, akaenda karakana akishika ukuta, akaomba mbao. Mpaka leo anakata. Jina lako hakulitaja tena, lakini kazi haijamtoka kichwani, na hilo ndilo linalonitisha. Mengine yote humtoka. Hili kila asubuhi anaamka nalo. "Zile thelathini na nane," anasema. Anasahau kula, anakumbuka hesabu.

Ulimvua nguo mbele ya watu halafu ukaniandikia kwamba ni heshima. Kiondoe kibao.

Msumari


14 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Tumepata nafuu ya goti, tunakushukuru kwa kuuliza, ingawa safari hii hukuuliza.

Nimeumia, na nakubali sehemu yangu. Sikuwaza kwamba gazeti litafika barazani kwake. Ukikaa miaka mingi kwenye kumbi za maonyesho, unasahau kwamba watu unaowaandika wanaweza kusoma. Hilo ni kosa la kazi yangu na si la moyo wangu.

Lakini kibao nikikiondoa leo, watu watauliza kwa nini, na jibu litachapishwa kubwa kuliko kibao chenyewe. Mkuu wa chuo ameshakiweka kwenye hotuba yake. Tafadhali mweleze Baba kwa lugha yake kwamba kosa lile lina thamani kuliko usahihi wa mafundi mia. Mweleze kwamba usahihi unaweza kufanywa na mashine, na kwamba kosa lake hakuna mwingine duniani angeweza kulifanya. Mweleze polepole.

Na umzuie asikate. Msumeno si wa mtu katika hali ile. Akijiumiza tutajilaumu sote wawili.

Kaka yako


28 Agosti

Kaka,

Nilimweleza polepole, kama ulivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Aliyekwambia hivyo hajawahi kufunga mlango."

Amemaliza. Mihimili themanini na vizingiti arobaini vya juu. Oda ya madawati nimeirudisha, kwa sababu kwa wiki tano nilikuwa na kazi moja tu: kusimama kando yake, na kila akishika mbao mpya, kumwekea kipande mama mkononi. Mara mia na ishirini. Kila mara ananiambia asante, kama ndiyo mara ya kwanza. Msumeno nilishika naye, mkono wangu juu ya mkono wake, tukakata ndani ya mstari. Alijikata kidole mara moja, kidogo tu, akanitukana mimi. Nilifurahi.

Nimezipanga kwenye makasha mawili na zimeondoka leo kwa lori. Zitakufikia tarehe mbili au tatu, mapema kabla ya uzinduzi wako. Ujumbe wake ni huu, nimeuandika kama alivyousema: "Zile mbovu azitoe, aweke hizi. Na aniambie watu wanapitaje."

Anauliza kila siku kama zimefika. Barua zako anaomba nizifungue mbele yake, hata zile za zamani, aone kama jibu limo.

Msumari


22 Septemba

Mpendwa Msumari,

Wifi yako anakusalimu. Hakuja kwenye uzinduzi. Alisoma kibao siku moja kabla, akaomba teksi.

Makasha yalifika tarehe tatu. Nilifungua yote mawili peke yangu, nikapima kila mbao. Zote sawa. Hata unene wa karatasi hazipishani. Nimefundisha miaka thelathini na mbili na sijawahi kushika kazi ya mkono iliyo sahihi namna hiyo. Kwenye mhimili mmoja kuna doa dogo la damu, nami sikulifuta.

Sikuziweka. Najua ulijua sitaziweka. Ukumbi ulikuwa tayari, wageni wameshaalikwa, na ujia wenye fremu sawa arobaini ni ujia tu. Hakuna cha kuona. Kazi ingekufa. Uzinduzi ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Watu walinong'ona, wengine walilia. Mwanamke mmoja alitoka akashika mkono wangu, akasema, "Nimemwona baba yangu mle."

Makasha yako ghalani, mahali pakavu. Nitakuja Desemba, nikishakabidhi ofisi, nami nitamweleza Baba mwenyewe. Kwa sasa, nakuomba, mwambie nimeziweka. Hatakuja kuona. Neno moja tu, apumzike.

Kaka yako


3 Novemba

Kaka,

Baba alifariki tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, alfajiri. Tulimzika kesho yake. Jeneza nilikata mwenyewe. Fundi cherehani alishona shuka, na safari hii hakukosea upande. Kuhusu kukupigia simu, uliniambia zamani kwamba simu inakuvuruga kazini, basi nimekuandikia. Na hii barua nimeikalisha wiki mbili, kama ulivyotuzoesha.

Barua yako ya Septemba ilifika siku nane kabla. Alikuwa kitandani, hali chakula tena, lakini alisikia nikiichana bahasha.

"Ni ya yule mteja?"

"Ndiyo, Baba."

"Ameziweka?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye mstari wako, ule ulioniomba. Nikasema, "Ameziweka."

"Zote?"

"Zote arobaini."

"Na zile mbovu?"

"Amezitoa."

Akafumba macho. Nikadhani amelala, nikaanza kuikunja karatasi. Akasema, "Na watu wakipita, wanakuwaje?"

Nikakumbuka barua yako ya kwanza. Nikamwambia, "Hawawi chochote, Baba. Wanapita tu, kama wanaokwenda kulipia umeme."

Alicheka. Hujamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa wadogo. Akanipapasa mkono akasema, "Basi ziko sawa." Hakuuliza tena, siku hiyo wala siku zilizobaki.

Kwa hiyo tumemdanganya wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwepo kumwona akifurahi. Wewe baki na wale wanaolia.

Desemba usije kwa ajili yangu. Kibao kiache, hakuna huku anayekisoma. Ninachotaka ni makasha yangu. Yatume kwa lori lolote, nitayapokea stendi. Shule iliyonidai madawati inajenga madarasa mapya, na mwalimu mkuu ameniuliza kama nina fremu za milango. Nimemwambia ninazo arobaini, zimekatwa na Baba, hazipishani. Watoto watazipita mbio kutwa nzima, na hakuna atakayenong'ona.

Msumari